Miji Mitano, Siku Moja: Uchambuzi wa Mgogoro kati ya Chama cha South B na Wakala Wake wa Usafiri

Kisa hiki kinahusu chama cha akina mama tisa wa mtaa wa South B, Nairobi, ambao mwezi Mei 2025 walisafiri hadi Nice, kusini mwa Ufaransa. Jumatano ya tarehe 21 mwezi huo walifanya ziara ya siku moja yenye mwongozaji kwenye mwambao unaojulikana kama Côte d'Azur, na ratiba yao ilitaja Èze, Monaco, Antibes, Cannes na Saint-Paul-de-Vence. Waliporudi nyumbani, wanane kati yao walidai warejeshewe fedha zote walizolipia ziara hiyo, yaani shilingi 24,000 kila mmoja. Mama wa tisa alikuwa na dai lake la aina nyingine kabisa. Wakala aliyewauzia, mwenye ofisi ndogo katikati ya jiji, alikataa madai yote kwa maelezo kwamba miji yote iliyoandikwa kwenye ratiba ilifikiwa. Kabla ya kuelekea mahakamani, pande zote mbili zilikubali kunikabidhi hati zao nizipitie: ratiba, stakabadhi za malipo, mazungumzo ya kundi lao la WhatsApp, na baadaye barua pepe ambazo wakala hakutaka kuzitoa mwanzoni. Majina yote yameachwa kwa makubaliano.

Akina mama walielekeza hasira yao yote kwa dereva, ambaye kwa maneno yao alikuwa mkali na mwenye haraka. Baada ya kusoma hati hizo nimefikia maoni tofauti. Dereva alifanya kazi yake kadiri ratiba ilivyomruhusu, na kasoro iliingia miezi miwili kabla, mezani Nairobi, pale ambapo majina ya miji yaliuzwa bila mtu yeyote kuhesabu dakika wala viti.

Mambo yalivyoanza

Chama hiki kimekuwa kikichanga kila mwezi kwa ajili ya safari ya pamoja. Wakala aliwauzia kifurushi cha tiketi za ndege kupitia Paris, kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Nice, pamoja na hoteli na msaada wa maombi ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Ziara ya siku moja iliuzwa kando, kwa stakabadhi yake yenyewe, na jambo hili lina uzito katika uchambuzi kwa sababu linatuwezesha kuitazama ziara hiyo kama mkataba unaojitegemea.

Pendekezo la kwanza la wakala lilikuwa la miji mitatu. Kumbukumbu za WhatsApp zinaonyesha wazi kwamba ni wanachama wenyewe walioongeza Cannes, kwa sababu ya tamasha la filamu, kisha Saint-Paul-de-Vence, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameona picha zake. Wakala alijibu, “Hakuna shida mama, tutaiingiza.” Mwenyekiti aliuliza pia kama wataweza kufika uwanja wa Louis II uliopo Monaco, ambapo tarehe 21 Julai 2023 Faith Kipyegon aliweka rekodi ya dunia ya maili moja kwa muda wa dakika 4 na sekunde 7.64. Jibu lilikuwa sawa, watapitia hapo. Uwanja haukuandikwa kwenye ratiba. Bei nayo haikubadilika licha ya miji miwili kuongezwa, na mtu mwenye uzoefu wa biashara angeshtuka kidogo hapo.

Wakati huo chama kilikuwa na wasafiri wanane. Mama wa tisa alipata viza yake wiki mbili tu kabla ya safari, akalipa shilingi 24,000 kama wenzake, na akaahidiwa kwamba atakuwa nao.

Suala la kiti cha tisa

Ziara za aina hii hutangazwa kuwa za kikundi kidogo, na watu wengi hudhani udogo huo ni ukarimu wa mwenye kampuni. Chanzo chake hasa ni leseni. Barani Ulaya leseni ya kawaida ya gari, ile ya daraja B, humruhusu mtu kuendesha gari lenye viti vya abiria visivyozidi vinane, ukiondoa kiti cha dereva mwenyewe. Abiria wa tisa akiingia, dereva anahitaji leseni ya daraja jingine, gari linakuwa la aina nyingine, na gharama zinabadilika. Ndiyo maana kampuni nyingi za ziara pale Nice hutumia magari ya viti vinane, na ndiyo maana hakuna dereva anayejali kazi yake ambaye angekubali kumbana mtu wa tisa kwenye kona.

Nairobi tunazo kanuni zetu za viti. Tangu Februari 2004, kanuni zilizokuja kuitwa za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa, matatu ndogo ilipaswa kubeba abiria 14 waliofunga mikanda. Sote tunajua pia jinsi kanuni hiyo inavyopindwa jioni mvua inaponyesha. Nadhani wakala aliifikiria Nice kwa macho ya Nairobi, kwa sababu ujumbe wake kwa kampuni ya ziara ya Nice aliyoikodi unauliza kama “mmoja wa ziada” anaweza kuongezwa, na jibu lilikuja siku hiyo hiyo kwamba haiwezekani.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kiini cha dai la mama wa tisa. Alimnunulia kiti kwenye ziara nyingine ya pamoja, iliyouzwa kwa mtu mmoja mmoja, ya nusu siku, iendayo Èze na Monaco pekee. Bei yake ilikuwa pungufu kwa takriban shilingi 9,000. Hakumwambia mama huyo, wala hakumrudishia tofauti hiyo ya bei. Mama aligundua asubuhi ya tarehe 21, saa mbili unusu, alipochukuliwa hotelini na gari lililojaa watu asiowafahamu huku wenzake wakiwa bado wanakunywa chai. Katika chama kilichochanga pamoja kwa muda mrefu ili kisafiri pamoja, kutengwa namna hiyo ni jambo zito, na ninakubaliana naye kwamba fedha peke yake haziwezi kulifidia.

Siku yenyewe

Gari la wanane liliondoka hotelini saa tatu na dakika 20 asubuhi na kuwarudisha saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Hizo ni dakika 560. Kwa kutumia saa zilizohifadhiwa kwenye picha za simu zao nimeweza kupanga siku nzima, na hakuna upande uliopinga mpangilio huo.

Kituo cha kwanza kilikuwa kiwanda cha marashi kilichopo karibu na Èze, ambako ziara ni ya bure na duka lipo mwishoni. Utengenezaji wa marashi ni fahari ya kweli ya eneo lile. Ujuzi wa mji wa Grasse, ulio milimani nyuma ya Cannes, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018. Walikaa hapo dakika 45. Kisha wakapelekwa kwenye kijiji cha Èze chenyewe, kilichojengwa juu ya mwamba zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, ambako gari haliingii na wageni hupanda kwa miguu kwenye vichochoro vya mawe hadi bustani ya mimea ya jangwani kileleni. Walipewa dakika 20. Mwanachama mwenye umri mkubwa kuliko wote aliishia langoni, na wengine hawakuifikia bustani.

Njia ya kwenda Monaco ilichukua dakika 40, ingawa ni umbali usiofika kilomita kumi na tano. Hapa tarehe ndiyo iliyowahukumu. Mashindano ya magari ya Grand Prix, ambayo hufanyika katika barabara zile zile ambazo wenyeji huzitumia kila siku, yalikuwa yamepangwa kuanzia Ijumaa tarehe 23 hadi Jumapili tarehe 25 Mei, hivyo Jumatano ile mji ulikuwa tayari umezungushiwa vyuma, majukwaa ya watazamaji yalikuwa yamesimamishwa, na njia zilikuwa zimebanwa. Upande wa pili wa Nice, tamasha la filamu la Cannes lilikuwa limeanza tarehe 13 na lingemalizika tarehe 24. Wiki hiyo yote mawili yalikuwa yakiendelea kwa pamoja, na ratiba ya akina mama hawa ilitaka wayaguse yote mawili ndani ya siku moja.

Walipofika Monaco walipoteza dakika kumi nyingine kwa sababu ambayo ingeweza kuzuiwa kwa sentensi moja. Mmoja wao alikataa kushuka. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu, naye alijua kwamba Monaco ni nchi nyingine isiyo ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo aliogopa kwamba akiikanyaga atakuwa ametoka Ufaransa na hataruhusiwa kurudi. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki, na simcheki. Kwa kweli Monaco haina ukaguzi wa mpaka na Ufaransa, huhesabiwa kuwa ndani ya eneo la Schengen kupitia Ufaransa, na mwenye viza halali ya Ufaransa huingia na kutoka bila viza yake kutumika upya. Mtu aliyelipa euro 90 za ada ya viza, akakusanya taarifa za benki na bima ya angalau euro 30,000, anastahili kuelezwa jambo hili na wakala wake kabla hajapanda ndege.

Dereva alipokuwa akimbembeleza, ilikuwa imetimia saa sita kasoro dakika tano, ambayo ndiyo saa ya kubadilishana kwa walinzi mbele ya kasri la mwana mfalme kila siku. Tukio hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba kwa herufi nzito. Walilikosa wakiwa ndani ya gari, chini ya mwamba ambao kasri limejengwa juu yake. Walipata dakika 40 za kutembea, wakapiga picha mbele ya kasino, na uwanja wa Louis II waliuona dirishani.

Kutoka Monaco hadi Antibes walitumia dakika 75. Chakula cha mchana kilichukua saa nzima, na dakika 15 zilizobaki hazikutosha kuifikia ngome ya Grimaldi, ambamo mchoraji Picasso alifanyia kazi mwaka 1946 na ambayo sasa ni jumba la makumbusho la kazi zake. Dakika 40 barabarani, kisha Cannes kwa dakika 25, wakitazama ngazi 24 za zulia jekundu kutoka nyuma ya vizuizi, kwa kuwa wakati wa tamasha hakuna anayezikaribia bila kibali. Dakika 50 nyingine barabarani, kisha Saint-Paul-de-Vence kwa dakika 20, kisha dakika 50 za foleni ya jioni kurudi Nice. Ukijumlisha, dakika 290 zilikwenda barabarani, 45 kiwandani, 60 mezani, na 45 katika kusubiriana, vyoo na ile hofu ya viza. Kwa kutembea katika miji mitano waliyosafiri kuja kuiona, zilibaki dakika 120.

Mama wa tisa alifanya nini kwa muda huo? Ziara yake ya nusu siku ilimpa zaidi ya saa moja Èze, akafika kileleni kwenye bustani, na zaidi ya saa mbili Monaco. Aliwaona walinzi wakibadilishana. Alishuka kwa miguu hadi mtaa wa Fontvieille na kupiga picha nje ya uwanja wa Louis II. Saa nane mchana alikuwa amesharudi Nice, akazunguka soko la maua la Cours Saleya, kisha akaketi ufukweni, ambako alishangaa kukuta kokoto tupu, maana mtu aliyezoea mchanga wa Diani hutarajia bahari yoyote iwe na mchanga. Picha zake ndizo zilizozua moto katika kundi la WhatsApp usiku ule. Aliyedanganywa waziwazi ndiye aliyeona zaidi, na wale waliopewa kila kitu kilichoandikwa hawakuona karibu chochote.

Jiografia ambayo haikusomwa

Nice ipo katikati. Èze na Monaco zipo mashariki, Monaco ikiwa umbali wa takriban kilomita 20; Antibes na Cannes zipo magharibi, Cannes ikiwa zaidi ya kilomita 30. Mtu anayezitaka pande zote mbili lazima aende mashariki, arudi apite tena kando ya Nice alikotoka, kisha aelekee magharibi. Ni sawa na mkazi wa South B kuamka kwenda kutembea Ruiru, kisha mchana kurudi kukatiza jiji ili afike Kitengela, halafu arudi nyumbani jioni, siku ambayo barabara zote mbili zimefungwa nusu. Hakuna mwenyeji wa Nairobi ambaye angepanga siku yake namna hiyo, lakini kwenye ramani ya nchi ya watu miji huonekana kama imepangwa kwenye rafu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani mawakala wetu wengi hawalijui, nalo linahusu reli. Umaarufu wa mwambao huu ulikua pamoja na reli. Waingereza matajiri walikuwa wakikimbilia Nice wakati wa baridi tangu kabla mji huo haujaunganishwa na Ufaransa mwaka 1860. Kasino ya Monte Carlo ilifunguliwa mwaka 1863, reli ikafika Nice mwaka 1864 na Monaco mwaka 1868, na jina lenyewe la Côte d'Azur likaanza kutumika mwaka 1887. Hadi leo reli hiyo inapita Cannes, Antibes, Nice na Monaco ikifuata ukingo wa bahari, na safari ya kutoka Nice hadi Monaco kwa treni haifiki nusu saa, kwa nauli isiyofika euro kumi. Treni haijali vizuizi vya Grand Prix.

Gari la ziara lina thamani yake halisi mahali ambapo treni haifiki, yaani vijiji vya milimani. Stesheni ya Èze ipo chini ufukweni, kijiji kipo juu kabisa. Saint-Paul-de-Vence haina reli. Ratiba ya chama hiki ilitumia gari la gharama kubwa kukimbizana na miji ya reli, na ili kulipia muda huo ikavikata vijiji viwili ambavyo ndivyo vilivyohitaji gari. Kama ningeulizwa, ningegawa siku hiyo kwa namna rahisi: gari asubuhi hadi Èze na Monaco, na kwa anayetaka Cannes, treni siku nyingine, ikiwezekana baada ya tamasha.

Je, haya yalijulikana kabla? Swali hili lilikuwa gumu hadi wakala alipotoa barua pepe zake, baada ya mwenyekiti kukataa mazungumzo yoyote bila hizo. Kampuni ya Nice ilikuwa imemwandikia wiki tatu kabla ya safari kwamba katika wiki ya Grand Prix na tamasha haishauri zaidi ya vituo vitatu, na kwamba miji mitano ingewezekana kwa kusimama muda mfupi tu. Aliiomba kampuni iendelee na mitano. Onyo hilo halikufika kwenye kundi la WhatsApp. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa unyoofu kwamba aliogopa akina mama wangebadili mawazo na kutafuta wakala mwingine.

Kwa maoni yangu, barua hiyo ndiyo iliyogeuza kisa chote. Bila hiyo ningesema lawama zigawanywe karibu sawa, kwa sababu chama ndicho kilichoomba miji miwili ya ziada, na mtu mzima anayeomba wingi anajua kwamba muda hauongezwi. Ila wakala hulipwa kwa ajili ya ujuzi ambao mteja hana. Onyo la mtaalamu wa kule lilipomfikia, halikuwa lake kulificha. Lilikuwa la wateja, wao ndio waamue.

Madai na sheria

Mkataba wa akina mama ni kati yao na wakala wa Nairobi, ambaye ndiye aliyeweka bei, akapokea fedha na kutoa stakabadhi. Kampuni ya Nice iliajiriwa na wakala, kwa hiyo mawazo ya kuishtaki kampuni ya Ufaransa, yaliyojadiliwa kwa muda mrefu kwenye kundi lao, hayana mguu wa kusimamia. Hata kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2015 kuhusu vifurushi vya safari haziigusi ziara isiyofikia saa 24 na isiyo na malazi.

Nyumbani kuna njia. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma, na kuficha jambo la msingi kunaweza kuhesabiwa humo. Malipo yao yote ya ziara, shilingi 216,000 kwa watu tisa, yapo chini kabisa ya kiwango cha shilingi milioni moja ambacho Mahakama ya Madai Madogo inaruhusiwa kusikiliza. Mahakama hiyo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 chini ya sheria ya mwaka 2016, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mlalamikaji anaweza kujisimamia mwenyewe. Wakala alilijua hilo, na nadhani ndilo lililomleta mezani.

Dai la wanane la kurejeshewa kila kitu sikuliunga mkono. Gari lilikuja, dereva alikuja, miji ilifikiwa, chakula kililiwa. Walilalamika pia kwamba mwongozaji hakutembea nao mijini, lakini ratiba ilisema “dereva-mwongozaji”, na dereva wa aina hiyo hutoa maelezo akiwa ndani ya gari, kisha hubaki nalo; nchini Ufaransa kuongoza wageni ndani ya makumbusho na majengo ya kihistoria kunahitaji mwenye kadi ya kitaalamu ya serikali. Walipaswa kuelezwa, lakini hawakunyimwa kilichoandikwa. Kilichonishawishi ni walinzi wa kasri, kwa kuwa waliahidiwa kwa saa maalumu, na vituo vya Antibes na Saint-Paul-de-Vence, ambavyo dakika zake hazikuwa na maana yoyote ya kutembelea mji. Nilipendekeza robo ya fedha, yaani shilingi 6,000 kwa kila mmoja.

Kuhusu mama wa tisa nilipendekeza arejeshewe tofauti yote ya shilingi 9,000, na zaidi ya hapo wakala amwandikie barua ya kukiri kwamba alihamishwa bila ridhaa yake. Wakala alikubali fedha mara moja, akaigomea barua kwa siku kadhaa. Kwake fedha zilikuwa rahisi. Barua ingeweza kusomwa na wateja wengine. Mama huyo naye alisema waziwazi kwamba angeziacha fedha lakini si barua, kwa sababu katika chama kulikuwa na minong'ono kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejitafutia ziara nzuri zaidi na kuwaacha wenzake. Barua iliandikwa, aya moja, ikasomwa mbele ya wanachama wote.

Suala la kiwanda cha marashi nililiacha nje ya hesabu. Ni desturi inayojulikana katika utalii popote duniani kwamba maduka huwapa waongozaji kamisheni, hata kwetu kwenye maduka ya vinyago ya barabara ya kwenda Maasai Mara, lakini hakuna hati iliyonionyesha kwamba siku ile kuna aliyelipwa chochote. Isitoshe, wanachama watano walinunua marashi humo na walisema wazi kwamba hawakujuta.

Wakala alilipa jumla ya shilingi 57,000 kwa M-Pesa ndani ya wiki mbili. Mweka hazina alitaka fedha za wale wanane ziingie kwenye akaunti ya chama, kwa hoja kwamba safari nzima ilitokana na michango ya pamoja. Wanachama watatu walipinga, kwa kuwa ziara ya siku ile kila mmoja aliilipia kutoka mfukoni mwake na stakabadhi zipo kwa majina yao. Stakabadhi ziliwapa haki, na kila mtu akapokea zake.